Pini ya Saimi

Veikko Rautapää aliendesha lori la maziwa miaka thelathini na minne, na chuki yake ilikuwa safi kuliko maziwa yenyewe. Aliwachukia wanasiasa wa kulia, akawachukia wa kushoto, na wa katikati aliwachukia mara mbili. Lakini kila tarehe sita Desemba, sikukuu ya uhuru wa nchi yetu, alioga sauna, bafu la mvuke, akavaa suti ya harusi, akawasha mishumaa miwili dirishani kama kila nyumba, akaketi kutazama televisheni wakubwa walioalikwa Ikulu wakipanga foleni kumpa rais mkono. Aliwatukana mmoja mmoja. Sisi majirani tulimfuata kwa matusi hayo, maana kahawa yake hainyweki.

Aliyetazama kwa mapenzi ni mkewe, Saimi, aliyepiga deki ofisi za manispaa maisha yake yote. "Na mimi siku moja wataniona pale," alikuwa akisema. Akafa hawajamwona.

Mwaka ule akaalikwa Ikulu Orvokki, mbunge wetu, dada yake Saimi. Veikko akameza chuki, niliiona ikimpita kooni kama kiazi kizima, akampelekea pini ya fedha ya marehemu.

"Shemeji, ivae kifuani. Nchi nzima imwone Saimi, hata kidogo tu."

"Naapa, shemeji. Nisipoivaa, msinipigie kura."

Siku ikafika. Orvokki akatokea kwenye televisheni na manyoya mabegani, ungedhani kameza bata mzinga akakwama. Kifuani, beji ya chama. Pini hakuna.

Veikko hakutukana. Aliinuka akazima mishumaa, saa moja na nusu, wakati huwaka mpaka saa mbili! Dirisha jeusi jioni ile? Dakika kumi hazikupita, Pertti wa kwaya anagonga mlango.

"Veikko, umekufa?"

"Bado. Ondoka."

"Basi washa mishumaa, unatuaibisha!"

"Mwambie mbunge wako akuwashie."

Jumapili Orvokki akaja na keki. "Haikuendana na gauni, shemeji."

"Ya mpiga deki, eti? Nirudishie. Na keki yako chukua."

Aprili, siku ya kura, watu wa televisheni wakaja shuleni kumpiga picha Orvokki akitumbukiza karatasi. Mara Veikko huyo, suti ya harusi, pini kifuani. Akasimama kati yake na kamera, akamnyooshea mkono.

"Hongera, shemeji."

Kamera inatazama, angefanyaje? Akaupokea. Veikko akautikisa mpaka theluji iliyosalia tangu Machi ikaporomoka kutoka paani, na mimi nilikuwepo.

"Toka mbele yangu, mzee mwovu," Orvokki akanong'ona huku anacheka kwa meno tu.

"Uliapa," akamjibu.

Kwenye taarifa ya habari mbunge hakuonekana hata sikio. Pini ya Saimi ilijaa kioo kizima. Kijijini kwetu Orvokki alipata kura moja, na bado tunamtafuta aliyempa.

Jioni hiyo mishumaa miwili ikawaka kwa Veikko. Pertti akagonga tena.

"Veikko, huu ni Aprili!"

"Najua. Ondoka."