Mpiga King'ora wa Mgodi Uliofungwa

Mji ule wa mlimani ulipokuwa mji wa mgodi, watu walijaa kama siafu. Walitoka kila upande wakifuata kazi, wakarundikwa kwenye nyumba za safu, ukuta mmoja familia mbili, hata ukikohoa jirani anakwambia pole. Madini yalipokwisha, kampuni ikafunga virago bila kuaga. Nusu ya watu wakaondoka wenyewe, na nusu iliyobaki ikaondolewa, maana baadaye alikuja tajiri wa hoteli akagundua kwamba hewa ya pale ni safi. Hewa hiyo ilikuwepo siku zote, ila wenye haki ya kuivuta walikuwa chini ya ardhi wakivuta vumbi. Leo wageni wanalipa pesa nzuri kulala kwenye chumba halisi cha mchimbaji, kitanda cha chuma na kuta za chokaa, ila bafu la maji moto wameongezewa.

Wenyeji waliobaki ni wa kuhesabu kwa vidole. Mmoja wao ni mzee anayeitwa Mpiga King'ora, kwa sababu ndiyo kazi yake. Ujana wake wote aliumalizia kwenye kibanda kilicho juu ya mdomo wa mgodi, mkono kwenye mnyororo. Lugha ya king'ora ilijulikana hata na watoto. Mlio mmoja mrefu: mwamba umeanguka. Hapo kila mwanamke aliacha alichokuwa akifanya, akachukua blanketi na kukimbilia langoni, kwa kuwa atakayetolewa atahitaji kufunikwa, awe mzima au la. Milio mitatu mifupi: wote wamepatikana wazima, wanapandishwa juu.

Mlio mrefu wa mwisho aliopiga kabla mgodi haujafungwa ulikuwa wa mpwa wake, mtoto pekee wa dada yake. Dada huyo ndiye aliyemlea mzee mama yao alipofariki. Siku hiyo dada alisimama langoni na blanketi mkononi mpaka waokoaji wakaweka chini sururu zao. Milio mitatu haikulia. Kijana yuko huko chini mpaka sasa, na juu yake wamejenga bwawa la kuogelea.

Meneja wa hoteli, kijana mtanashati mwenye maneno matamu, alimwajiri mzee apige king'ora kila adhuhuri ili kuwachangamsha wageni. Mzee akamweleza maana ya kila mlio. Meneja alisikiliza kwa makini kabisa, kisha akachagua ule mrefu. Alisema una uzito. Maana yake ikaandikwa kwenye kibao cha mbao, herufi za dhahabu, karibu na duka la zawadi.

Mzee angeweza kukataa, lakini chumba anachoishi na dada yake ni cha wafanyakazi wa hoteli. Unga ukimwagika, wote wawili wako nje, na baridi ya mlima ule haina huruma na mifupa ya wazee. Akapiga moyo konde, akavuta mnyororo.

Dada yake siku hizo akili ilikuwa inakwenda na kurudi. Mlio ule ulimtoa ndani roho mkononi, ndara mguu mmoja, blanketi kifuani, mpaka langoni. Pale akawa anamuuliza kila anayepita kama mwanawe ametolewa. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa. Wageni walidhani ni mwigizaji wa hoteli. Walimpiga picha, na mama mmoja akampongeza meneja kwa kupata mtu anayeweza kulia machozi ya kweli. Mzee alikwenda ofisini kuomba king'ora kiachwe. Meneja alimjibu kwa upole kwamba haiwezekani, wageni sasa wanamuulizia bibi kabla ya kuuliza chakula ni saa ngapi. Aliongeza ombi moja dogo: lile blanketi lisifuliwe.

Mzee akatoka, akarudi kibandani kwake. Ndipo lilipomjia wazo, na lilikuwa wazo la mapenzi matupu: wageni hawajui kutofautisha mlio na mlio. Adhuhuri iliyofuata akapiga milio mitatu mifupi.

Kutoka kibandani alimwona dada yake akijitokeza mlangoni, akasimama, akasikiliza. Akacheka. Miaka mingi mzee hakuwa amesikia kicheko kile, na kilimtoa machozi. Alishuka ngazi kama kijana, akijiona mjanja kuliko meneja na hoteli yake.

Nyumbani alikuta jiko linawaka, maji ya kuoga yanachemka kwenye sufuria kubwa, na shati safi la mwanamume limetandazwa kitandani. Dada hakuwepo. Alikuwa langoni, amekaa chini, anamsubiri mwanawe apandishwe.

Alikaa mpaka jua likazama na ukungu ukashuka. Chakula alikataa, alisema atakula na mtoto. Mzee alipojaribu kumwinua, alishika vyuma vya lango kwa vidole vilivyokwisha kufa ganzi. Mwisho mzee akamwambia wazi kwamba kijana alikufa, tena zamani. Dada alimtazama kwa huruma.

"Mdogo wangu, milio mitatu nimeisikia kwa masikio yangu. Nani alipiga?"

"Nilipiga mimi."

"Basi. Wewe hujawahi kutudanganya."

Kumwacha pale ilikuwa ni kumuua. Mzee akapanda tena kibandani, akashika mnyororo, akapiga ule mrefu. Wageni walijitokeza kwenye roshani na glasi zao, wakapiga makofi. Dada alipiga ukelele mmoja. Kisha akatandaza blanketi juu ya ardhi tupu, akalichomeka pembeni vizuri kama anayemfunika aliyelala, akakubali kushikwa mkono kurudi nyumbani.

Asubuhi meneja alimwita. Mzee alijua kazi imekwisha, na moyoni alifurahi. Lakini meneja alimpa mkono kwa nguvu. Wageni, alisema, hawajaona kitu kama kile, kwanza furaha, halafu msiba. Kuanzia leo ni yote mawili: milio mitatu adhuhuri, ule mrefu jioni.

Mzee akamfikiria dada yake na kile chumba.

"Basi naomba kitu kimoja, bosi," alisema. "Ule mrefu ufuate haraka. Asisubiri sana."

Meneja alikuna kichwa kidogo. Alisema angependa kusaidia, ila wageni huwa wanahitaji muda wa kuoga na kunywa chai.