Kibao Shingoni mwa Mellen

Punda wa Weigesa alianza kazi kabla Mellen hajazaliwa. Unga, sare, viatu, hata godoro analolalia mtoto, vyote vimetoka mgongoni mwa mnyama huyo anayebeba maji na mahindi mitaani Isebania. Mume alipofariki, Weigesa hakukaa kitako kulia, alishika kamba ya punda akaingia barabarani. Madereva wa malori humwita Mama Punda, naye huitika, kwa sababu anajua vizuri nani anamlisha.

Sasa hebu niambie, mama kama huyo anashusha mitungi uani, bintiye anaingia kutoka shule na kibao kimening'inia shingoni, kimeandikwa DONKEY kwa rangi nyekundu. Salamu hakuna. Alimzunguka punda kwa mbali, akaenda kukaa jikoni.

"Nini hicho, mama?" Weigesa akamuuliza kwa Kikuria.

"Usiniongeleshe Kikuria," Mellen akajibu kwa Kiswahili. "Nilisema neno moja tu darasani, nikiomba kwenda msalani, nikashikwa. Ukishikwa unavaa hiki mpaka umsikie mwingine akiongea lugha ya nyumbani, ndio unampa yeye. Leo sikumsikia mtu."

"Na hapo wameandika nini?"

"Punda."

"Punda si huyo hapo nje? Amekosa nini?"

Mellen akaeleza huku ameinamisha kichwa. Kwa Kiingereza, donkey ni punda, lakini pia ni mjinga. Ni mtu mkaidi asiyefundishika. Ipo na kazi ya punda, ile ya kuchosha isiyohitaji akili, na ipo miaka ya punda, yaani miaka mingi mno. Mwalimu Maranga aliwaandikia zote ubaoni.

"Ya kazi na ya miaka, hizo sikatai," Weigesa akasema. "Lakini mjinga? Huyu anatoka sokoni peke yake na mzigo mpaka hapa mlangoni. Huyo mwalimu wako anaweza?"

Mellen hakucheka. "Wanasema nimevaa jina la mama yangu," akasema. "Mimi shule sirudi."

Hapo moyo wa Weigesa ukachafuka kweli kweli. Hakuwa mgeni wa tusi hilo, maana hata sisi wenyewe tukigombana barabarani tunaitana punda bila haya. Ya madereva aliyameza miaka yote, akasema maneno hayavunji mfupa. Lakini hili la kumlipia mtoto karo ili afundishwe kumwonea haya mamake hakulimeza.

Asubuhi alimshika Mellen mkono, kibao kikiwa pale pale shingoni, na punda na mitungi yake wakafuata nyuma. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na hayakuwa maneno mazuri. Mwalimu Maranga alikuwa uwanjani mbele ya wanafunzi waliopanga mistari, akiwahimiza kwa Kiingereza chake kirefu.

Lakini Weigesa alilelewa. Hata ukienda kwa mtu kugombana, kwanza unamsalimu. Akamsalimu kwa Kikuria, salamu kamili ya mama kwa kijana wa kwao: umeamkaje, mkeo yukoje, watoto, mama yako kule Ntimaru, ng'ombe. Na Maranga naye alizaliwa na watu. Nani kati yetu anaiacha salamu ya mama ikining'inia hewani? Akainama kidogo, akaitikia yote kwa Kikuria kitamu, mpaka habari ya ndama aliyezaliwa juzi.

Watoto wote wakageuka kumtazama Mellen na kibao chake.

Mellen akaachia mkono wa mamake. Akatembea hadi mbele ya mwalimu. Akavua kibao, akamnyooshea kwa mikono miwili, kwa heshima, kama alivyofundishwa nyumbani.

"Mimi nilikuwa nasalimu mzazi," Maranga akasema.

"Na yeye alikuwa anaomba kwenda msalani," Weigesa akamjibu. "Maji yaliyokoroga simiti ya hilo darasa yalibebwa na huyu punda, mwalimu, nawe ulikuwa hapo unaonyesha tuyamwage wapi. Kama jina lake ni tusi, shika, zamu ni yako."

Maranga akakipokea. Angefanya nini, na sheria aliitunga mwenyewe? Alibaki nacho mkononi, hakuvaa, hakukirudisha.

Mellen akamwendea punda mbele ya shule nzima, akampapasa shingo. Kisha akamwambia mamake kwa Kikuria, kwa sauti iliyofika mstari wa mwisho, kwamba jioni yeye ndiye atakayemnywesha. Akaenda kusimama mahali pake, na hakuna aliyemletea kibao.