Watoto Hukabidhiwa Saa Nane

Kazini wanamwita Mama Pacha, na wala hajazaa pacha. Amezaa watoto wawili waliofuatana kwa karibu mno, mpaka watu wamechoka kuuliza yupi mkubwa. Wa kwanza ni msichana wa miaka minne, mdomo wake wa mtu mzima, ndiyo maana nyumbani wanamwita Bibi. Wa pili ni mvulana, hajatimiza mitatu, ukimbeba dakika tano mkono unakufa ganzi. Huyo ni Bonge.

Kila siku saa kumi na moja alfajiri Mama Pacha yuko jikoni. Anapika uji, anautenga mara mbili kwa sababu Bibi anautaka wa moto na Bonge akiona moshi analia. Anawatolea nguo, anazipanga kitandani kwa mpangilio wa kuvaliwa, maana akimwachia baba yao achague, watoto watashinda na shati nje ndani. Saa kumi na mbili anatoka. Huyo bado hajaanza kazi, jamani. Hiyo ilikuwa kupasha misuli tu.

Kazi yenyewe ni udobi wa hospitali. Na usifikirie beseni na kamba. Kuna mashine sita, kila moja ukubwa wa chumba cha kulala, na mashuka yanashuka kutoka wodini kwa matoroli. Yenye damu yanatengwa. Ya wodi ya wachanga hayachanganywi na kitu chochote. Ukikosea dawa ya madoa, mashuka hamsini yanatoka na matundu. Mama Pacha ana miaka sita humo ndani. Mashine ikianza kulia vibaya, wanamwita yeye kwanza, fundi baadaye. Msimamizi wa zamu alipostaafu, miezi mitatu nzima yeye ndiye aliyepanga watu na kuandika ripoti, bila cheo, bila hata asante.

Basi nafasi ikatangazwa, naye akaiomba. Aliitaka kweli kweli. Mgongo ulikuwa umeanza kumgomea kwa kubeba mashuka mabichi, na daktari alimwambia waziwazi kwamba mwaka mwingine mmoja wa kazi ile atakuwa anaamka kwa kusaidiwa. Usaili ukapangwa Alhamisi, saa nane na nusu mchana.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Mumewe ni mlinzi wa ghala moja lililo karibu, anaingia saa nane na nusu hiyo hiyo. Kwa hiyo kila siku saa nane kamili anawaleta watoto kwenye geti la hospitali, anamkabidhi mama yao, yeye anakwenda zake kazini. Kwa Alhamisi hiyo walikubaliana abadilishe, abaki na watoto nyumbani kwanza. Akaomba ruhusa aingie saa kumi na moja, akapewa. Mama Pacha alimkumbusha Jumatatu, akamkumbusha Jumatano, na asubuhi ile ile alimkumbusha akiwa amemshika sikio.

"Nimekuelewa, mama watoto," mume akasema. "Leo siwaleti hata wakinipigia magoti."

Saa nane na robo, Mama Pacha ameshanawa uso, amevaa blauzi yake ya heshima, anarudia majina ya dawa kimoyomoyo. Mlinzi wa geti, wanayemwita Kamanda, akachungulia mlangoni.

"Mama Pacha, kulikoni? Watoto wako wanakungoja robo saa nzima pale getini."

"Watoto gani?"

"Kwani unao wangapi?"

Akatoka mbio. Kweli bwana, walikuwepo. Bonge amekaa chini mchangani, Bibi amesimama, mikono kiunoni. Baba haonekani hata kivuli. Mama Pacha akampigia simu.

"Si nimewaacha na Kamanda?" mume akasema. "Nimekuta hujatoka, nikaona nitachelewa."

"Leo siku gani?"

"Lo! Mama watoto, miguu imezoea tu njia."

"Miguu! Na kichwa kilikuwa likizo? Rudi sasa hivi!"

"Nitarudije? Mwenzangu kaniona nimefika, kaniachia lindo, kaondoka zake."

Mama Pacha alikata simu kabla hajasema neno ambalo watoto wangelirudia mbele ya watu. Damu ilimchemka mpaka masikio yakawa ya moto. Miaka mitano amebeba mimba, amebeba watoto, amebeba mashuka, na mtu mmoja ameshindwa kubeba jambo moja tu kichwani kwa siku moja! Kamanda akakataa kubaki nao, kwa kuwa mara ya mwisho Bonge alitoroka akakutwa chini ya gari la wagonjwa. Ilibidi Mama Pacha aingie nao kwenye usaili.

Mlangoni alipishana na karani wa stoo, bwana mmoja aliyeajiriwa mwaka jana, ambaye wamempa jina la Tai kwa sababu hata siku ya kupokea sabuni huvaa tai. Alikuwa anatoka kusailiwa, anajifuta jasho. Ndani walikuwa wawili, meneja na mama wa utumishi. Mama Pacha akaomba radhi, akampakata Bonge, akamkalisha Bibi kando.

Maswali ya kazi aliyajibu bila kumeza mate. Joto la kufulia mashuka ya upasuaji, namna ya kujaza zamu mfanyakazi akiugua, dawa ipi haikutani na ipi, yote. Meneja alikuwa anaitikia kwa kichwa, ameridhika. Ndipo mama wa utumishi akaweka kalamu chini.

"Ukipata nafasi hii, nani atakaa na watoto?"

"Wana baba yao."

"Leo naona hayupo."

"Baba kasahau," Bibi akasema, wala hakuulizwa.

Meneja akacheka. Mama wa utumishi hakucheka, akaandika. Mwanamke mwenzake, tena! Mama Pacha aliiangalia ile kalamu inavyokwenda, akatamani kuinyakua aivunje vipande viwili.

Kesho yake mume aliamka wa kwanza akapika uji, akauunguza, akauweka mezani kwa adabu zote. Mama Pacha aliupita kama hakuuona. Msamaha wa sufuria hakuutaka.

Saa nne meneja akamwita ofisini, akamkaribisha kiti. Kukaribishwa kiti tu, akajua.

"Ulijibu vizuri kuliko wote," meneja akasema. "Nakwambia ukweli wa Mungu. Ila tumempa yule wa stoo. Unajua, mama, yule ana watoto wanne. Ana majukumu. Tumeona tumfikirie."

Mama Pacha hakuamini masikio yake. "Kwa hiyo yeye mmempa kwa sababu ana watoto?"

"Sasa, mama, usilichukulie hivyo. Na kwa kuwa hajui mashine, tunakutegemea wewe. Ukitoka saa nane, ubaki naye mpaka kumi, kama wiki tatu hivi, umwelekeze."

Akasimama. Hakupaza sauti, na hilo lenyewe lilimtisha meneja.

"Mimi sibaki, bosi. Mimi nina watoto. Mmeniandika hivyo wenyewe, basi mjue hivyo hivyo. Saa nane natoka, na kama huyo bwana mwenye majukumu hajui kutenga shuka la damu, mwambie akaulize wanawe."

"Mama Pacha, subiri kwanza..."

Hakusubiri. Aliuacha mlango wazi makusudi, akasonya msonyo mrefu uliosikika mpaka ofisi ya utumishi, na pale utumishi kalamu ikasimama.