Ufunguo wa Duka la Magomeni

Si kweli kwamba fundi Bakili aliiba dukani kwetu. Nimelisikia neno hilo sokoni Kariakoo, nimelisikia nje ya kanisa baada ya misa, na hivi karibuni nimelisikia kwa kijana ambaye wakati wa mambo hayo hakuwa amezaliwa. Wengine husema alifukuzwa kwa kuwa yeye ni Mwislamu wa Lindi na sisi ni Wakatoliki wa Kibosho. Hilo nalo ni uongo. Bakili alikula sahani moja na marehemu mume wangu, Tarsis, na hakuna aliyemfukuza. Aliondoka mwenyewe, mchana, mbele ya watu, na aliaga. Nayaandika haya kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu jina la Tarsis ndilo wanalobeba watoto wangu.

Tarsis alikuwa mtoto wa pili kati ya wana watatu. Kwetu Kibosho, mlimani, kihamba cha baba, yaani lile shamba la migomba na kahawa ambamo mna nyumba na makaburi ya wazee, humwendea mtoto wa kwanza na wa mwisho. Wa katikati hujitafutia. Kwa hiyo kaka yake Vitalis alipata sehemu yake, mdogo wao Onesphory akawekewa ya kwake, na Tarsis akashuka Dar es Salaam baada ya vita akiwa na blanketi moja. Hakuwahi kulalamika. Lakini aliwahi kuniambia kwamba siku alipoonyeshwa mpaka wa kihamba asichokuwa na haki ya kukilima, alijiona kama mgeni aliyekaa kupita kiasi.

Alijifunza kutengeneza baiskeli, na baadaye akafungua duka lake Mtaa wa Swahili, Kariakoo. Miaka ile mji ulitembea kwa baiskeli. Makarani, wauza samaki, matarishi, wote walipita kwetu.

Mafundi wa siku zile walificha kazi. Gurudumu likifika pale penye ujuzi, pa kukaza spoki moja moja hadi lizunguke bila kuyumba, fundi humwambia mwanafunzi, "Nenda kalete maji." Mwanafunzi akirudi, kazi imekwisha. Mtu aliweza kukaa miaka akichota maji tu.

Tarsis alikataa utaratibu huo. Kanuni yake aliitamka mbele ya wote: "Ukimfundisha mwenzako mpaka duka hili lisikuhitaji tena, nitakupa ufunguo wa duka jipya." Mimi nilikuwa mwalimu wa shule, nikamwambia watu watamkimbia na ujuzi wake. Akanijibu, "Mama Severa, duka linalonihitaji mimi litakufa siku nitakapougua. Nataka duka linaloweza kuzaa." Baada ya hapo akawa anasimama dukani mikono mfukoni, ili asishawishike kushika spana.

Na duka likazaa. Marcelino, kijana wa Songea, alifundisha wenzake wawili, akapewa ufunguo wa duka la Ilala siku ileile aliyoahidiwa. Watu wakaona kwamba neno la Tarsis lina uzito.

Aliyefuata alikuwa Bakili. Sauti yake ilifika barabara ya pili. Mteja akileta baiskeli iliyopinda, Bakili humwuliza, "Mzee wangu, hii umeipanda au mmepigana?" Alimfundisha Mwinyimvua, Mzaramo mwenye haraka kupita wote, na nilikuwa nikiwasikia nikitoka shule.

"Mwinyimvua, unakaza kama unamnyonga kuku! Taratibu."

"Kaka Bakili, kwani wewe ulizaliwa na spana mkononi?"

"Mimi nilizaliwa na subira. Wewe walisahau kukupa. Zungusha tena."

Mwaka 1955 Magomeni ilikuwa inajengeka upesi, na Tarsis akapata chumba cha duka huko. Siku ya Ijumaa Bakili aliweka kiti chake katikati ya duka, akajimiminia kahawa.

"Bwana Tarsis," akasema, "tangu asubuhi nimekaa hapa kama bwana harusi. Hakuna hata mmoja aliyeniita. Duka halinihitaji."

Watu wote wakacheka, na Tarsis akacheka kuliko wote. "Jumatatu," akamwambia. "Jumatatu utachukua ufunguo."

Jumamosi Vitalis akashuka kwenye basi, na Onesphory nyuma yake.

Waliketi uani kwetu. Vitalis hakuzunguka. "Mdogo wako hataki kahawa, anataka mji. Nimesikia una duka jipya. Mpe."

"Kihamba chake je?"

"Nitamtunzia."

"Kaka, duka lile lina mwenyewe. Nimeshatoa neno."

"Kwa nani? Kwa mtu wa pwani? Umemzaa wewe?"

"Nimemwahidi mbele ya watu."

"Na sisi tulikuzaa mbele ya nani?"

Tarsis alikataa. Alikataa mara ya pili pia, ingawa kumkatalia kaka mkubwa si jambo jepesi kwetu. Ndipo Vitalis akafungua mkoba wake akatoa jani la isale, refu, limeanza kukauka kwenye ncha. Kwetu jani hilo ni ombi la mwisho. Likiletwa, hata wenye kisasi cha damu kati yao hupatana. Anayelikataa hana tena mahali pa kukaa kati ya watu.

"Ni la mama," Vitalis akasema. "Amelikata kwa mkono wake."

Tarsis alinitazama. Tuliondoka pale uani, mimi na yeye, tukaongea ndani maneno machache. Kisha akatoka akalipokea kwa mikono miwili.

Jumatatu alimpa Onesphory ufunguo. Onesphory hakuwa amewahi kuziba hata pancha moja. Bakili alifuta mikono yake kwa tambara, kidole kimoja kimoja, akamwendea Onesphory akampa mkono.

"Hongera, bwana mdogo. Ile spana kubwa huteleza. Tunza vidole."

Kisha akaja mlangoni nilipokuwa nimesimama. "Kwaheri, mwalimu." Hakutukana. Hakudai kitu. Ingekuwa nafuu angetukana.

Onesphory hakuwa mtu mbaya, na yeyote anayemlaumu namwambia anyamaze. Angeweza kujifunza. Ila hapakuwa tena na mtu aliyetaka kumfundisha. Tarsis alimtuma Mwinyimvua Magomeni kwa kazi hiyo, na mchana mmoja akaenda kuwatazama. Akamkuta Mwinyimvua ameliinamia gurudumu na kumpa Onesphory mgongo. Onesphory aliposogea aone, Mwinyimvua akamwambia kwa adabu kabisa, "Bwana mdogo, hebu nenda kalete maji."

Tarsis alirudi nyumbani akanisimulia akiwa amesimama, kofia mkononi. "Nimewafundisha mimi," akasema. "Siku ile moja ya ufunguo niliwafundisha, wakaelewa wote."

Ilala nako ikawa hivyohivyo. Wanafunzi wakachota maji. Duka la Magomeni likafungwa, na Onesphory akarudi kwenye kihamba chake alichotunziwa. Marcelino akang'oa kibao cha Tarsis pale Ilala, akaweka chenye jina lake. Mume wangu akatoa mikono mfukoni, akarudi kwenye spoki. Jumapili alikwenda kanisani kama kawaida, lakini wakati wa komunyo alibaki kwenye benchi. Watu waliona. Mimi nilitazama mbele.

Nilikuwa na mmea wa isale uani, ndani ya debe. Siku moja, mwaka wa pili baada ya hapo, alikata jani, akalifunga kwenye leso, akaniambia, "Twende Kigamboni." Tulivuka kwa kivuko pale Magogoni.

Bakili alikuwa na banda karibu na gati, na kelele yake tuliisikia kabla ya kuliona. Alipotuona alisimama.

"Shikamoo, bwana. Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," tukajibu.

Akaagiza chai. Tarsis akafungua leso, akaliweka jani juu ya benchi kati ya koleo na kopo la gundi. Akangoja. Bakili akaligeuza, akalinusa.

"Hii dawa ya nini, bwana?"

"Si dawa. Kwetu ni... Mtu akilileta, ina maana yake."

"Maana gani?"

Tarsis alifumbua mdomo. Nilijua maneno aliyokuwa akiyatafuta. Mlimani hakuna anayelazimika kuyatamka. Jani huyasema yote, na kwa hiyo mume wangu, tangu kuzaliwa kwake, hakuwa ameyazoea. Alisema, "Bwana Bakili, Kariakoo pana nafasi yako."

Bakili akamtazama bila chuki.

"Kwetu Lindi," akasema, "mtu akikosa husema nimekosa. Yakaisha. Majani tunawapa mbuzi." Akacheka kidogo, kwa huruma nadhani, akalirudisha jani kwenye leso. "Kunywa chai, bwana. Mimi nafasi ninayo. Hata Mjimwema ninalo duka, ufunguo nimempa yule niliyemfundisha. Kwa kanuni yako hiyohiyo. Ni kanuni nzuri."

Tulivuka kurudi. Leso ilikuwa mapajani mwake njia nzima.

Tarsis alifariki mwaka 1959, dukani kwake. Lilifungwa wiki ileile, kama alivyokuwa amesema. Bakili alikuja kwenye matanga na mafundi wake, wakakaa tangu asubuhi hadi jioni. Mwizi haji hivyo, na anayemwita mwizi ajibu kwanza hilo. Kabla ya kuondoka aliniita kando.

"Mwalimu, siku ile walipoleta lile jani, mzee alikuwa amekataa. Onesphory aliniambia. Mara mbili alikataa. Halafu mkaingia ndani, wewe na yeye. Ulimwambia nini?"

Nilimwambia chai inapoa.

Wengine wameniuliza baada yake, na binti yangu Severa ni mmoja wao. Nimeeleza kwamba Bakili hakuiba, kwamba hakufukuzwa, na kwamba Tarsis alilijua kosa lake akaishi nalo. Yaliyosemwa ndani ya chumba changu ni yangu. Sitayasema wala sitayaandika, na asiulize mtu tena.