Mnara wa Matofali Mekundu

Kila ninapomwagia maji matofali mapya ya kuchoma, harufu ya udongo unaokunywa hunirudisha kwenye Ziwa Mweru, nikiwa mtoto ndani ya mtumbwi wa injini. Tulikuwa tumekimbia vita Kongo, mama, bibi na mimi, tukielekea Nchelenge, upande wa Zambia. Mvua ya asubuhi ilifunika ziwa lote, na mwenye mtumbwi akazima injini.

"Siko naona tena Nchelenge," alisema. "Tutaweza kurudia kwa basoda benye bunduki bila kujua."

Baadaye mvua ikapungua kidogo, na bibi akanyoosha kidole.

"Angalia kanisa, ule mnara mwekundu! Mimi nilizaliwa pale. Wakati balikuwa banajenga, nilibeba matofali yake ku kichwa. Mbele yake hamuna majiwe mu maji. Enda tu!"

Injini ikanguruma. Mnara ukazidi kurefuka, hata nikaona madirisha yake na njiwa waliojikunyata juu. Mtumbwi ulipogusa mchanga, mama aliuachia mkono wangu. Vidole vyake vilikuwa vimeacha alama, na ndipo nilipojua kwamba alikuwa amenishika tangu ng'ambo.