Mkono wa Begani

Usiguse picha ya asili kabla ya kutoa nakala. Kwa miaka kumi na tisa mwalimu wa usanifu wa kompyuta aliiandika kanuni hiyo ubaoni siku ya kwanza ya mwaka wa pili, kwa herufi kubwa, na hakuruhusu mtu aifute mpaka muhula uishe. Mwanafunzi aliyekutwa anachezea faili bila nakala alianzishwa upya, hata kama kazi ilibaki kidogo tu. Vijana wakambatiza Mwalimu Nakala. Walisema hata chai hanywi mpaka amimine kikombe kingine cha akiba. Alikuwa anawasikia, na jina lile lilimkaa vizuri kama shati la kupimiwa.

Jengo lao lilikuwa na ghorofa mbili. Chini palikuwa studio ya uchoraji, vumbi la mkaa limeingia mpaka kwenye vitasa. Ghorofa ya kwanza ilikuwa ya wapiga picha, na chumba chao cha giza kilinuka dawa. Kompyuta zilikaa juu kabisa, na huko ndiko alikokuwa akipanda mwanamke wa miaka arobaini na kitu, dobi wa hospitali, aliyeomba zamu za alfajiri ili mchana asome. Darasa zima lilimwita Dada Mkubwa. Sabuni ilikuwa imemchubua vidole, lakini akishika kamera hakuna aliyetulia kama yeye.

Siku ya somo la kutengeneza picha za zamani, mwalimu aliomba picha ya kuonyeshea mfano. Dada Mkubwa akatoa flashi aliyoifunga uzi.

"Ni mama," alisema. "Ya karatasi iligandana na kioo cha fremu, kuibandua ikatoka vipande vipande. Bahati nilikuwa nimeshaipiga kwa kamera ya chuo. Imebaki kwenye flashi hii tu."

Ukutani akatokea mwanamke kijana amekaa kitini, mikwaruzo imempita usoni. Begani kwake palikuwa na mkono wa mwanamume, umekatwa na ukingo wa picha kwenye kifundo, na kidole cha shahada hakikuwa na ncha.

Projekta ilikuwa imewasumbua nusu saa nzima, na vijana walishaanza kupiga miayo. Mwalimu akaketi, akaanza kazi moja kwa moja kwenye faili lile lile. Mikwaruzo ikatoka, doa la shavuni likatoka, darasa likaamka. Na yeye akanogewa.

"Huu mkono unavuta jicho bure," alisema. "Hauna mwenyewe."

Akaufunika kwa maua ya gauni, mpaka bega likawa bega tupu. Wakampigia makofi. Akahifadhi, akajiwekea nakala ya kazi iliyokwisha, akafunga, akachomoa flashi.

Darasa lilipotoka, Dada Mkubwa alibaki mlangoni.

"Ahsante, mwalimu. Mama kawa msichana tena. Ila ule mkono umeuweka wapi?"

"Mkono upi?"

"Wa begani. Si ndiye baba. Alikufa mimi bado tumboni. Alikuwa mchapaji, kidole kilikatwa na mashine ya karatasi. Hana picha nyingine duniani, huo mkono ndio baba mzima. Nataka niukuze kwa ajili ya maonyesho ya chuo. Kaka yangu atakuja, hajauona tangu aondoke nyumbani."

Hapo ndipo mwalimu alipoliona alilolifanya. Angeweza kusema wakati ule ule. Lakini miaka kumi na tisa ya kuwaanzisha wengine upya ilimzuia.

"Nina nakala ofisini," alisema. "Wewe endelea na flashi yako, nitakuletea."

Dada Mkubwa akacheka. "Mwenyewe nilijua. Wewe si ndiye Nakala."

Tangu siku hiyo mwalimu hakuwa na raha. Akiingia darasani, maandishi yake mwenyewe yalimkodolea macho kutoka ubaoni. Wanafunzi walipobandika kazi ukutani zikosolewe, yeye aliyekuwa hamung'unyi maneno sasa alisema, "Sawa, sawa," na kupita. Alianza kushukia ngazi za nyuma. Wiki ya kwanza Dada Mkubwa alimuuliza, akamjibu kazi zimemzidi. Wiki ya pili akamuuliza tena.

"Wiki ijayo, dada."

"Haina neno. Baba hakimbii."

Wiki ya tatu alimletea fremu, imetoka kwa seremala siku hiyo hiyo, bado inanuka vanishi. "Nimeileta upime mwenyewe," alisema, akamwekea mezani na kwenda zake.

Mwalimu alifunga mlango wa ofisi. Akaweka mkono wake chini ya taa, akaupiga picha. Akaufuta ncha ya kidole, akaufifisha rangi, akaupachika kwenye bega la yule mama. Fundi ni fundi: ulikaa kana kwamba ulizaliwa pale. Alishaufikia mlango wa chumba cha kuchapia, amebeba kompyuta ndogo iliyo wazi, alipoutazama mkono ule mara nyingine, akauona ulivyo: mkono wake mwenyewe, umemshika mama wa watu, unangoja kuitwa baba. Aliona haya hata peke yake. Akaifuta, akatoka kumtafuta Dada Mkubwa.

Alimkuta studio, akamwambia yote akiwa amesimama. Dada Mkubwa alifungua mkoba, akatoa flashi, wakaenda wote kwa fundi wa maabara ya kompyuta.

"Lini hii?" fundi aliuliza.

"Wiki tatu," mwalimu alijibu.

"Picha iliyofunikwa na nyingine huwa tunaifukua. Ila isiwe kimeingia kitu kingine mahali pake. Dada, uliendelea kuitumia?"

"Kila siku. Aliniambia niendelee."

Fundi alimtazama mwalimu, kisha akageukia kompyuta yake. Alihangaika mpaka saa ya chakula ikapita. Mwisho akachomoa flashi, akaishika kiganjani.

"Ungeniletea siku ile ile, mwalimu, huu mkono ungetoka. Sasa kazi nyingine zimejazwa juu yake."

"Kazi zako," alisema Dada Mkubwa. "Ulizonipa wewe."

"Dada, nisamehe."

"Kufuta ningekusamehe. Hata mimi nimeshaunguza mashuka ya watu, nikaenda nikasema. Lakini wewe umeniangalia usoni wiki tatu, nikakuletea na fremu."

Alikwenda ofisini akaichukua fremu yake. Mwalimu aliandika barua kwa mkuu wa idara akieleza kosa lake bila kuficha, akapewa onyo. Alitamani adhabu kubwa zaidi, lakini adhabu yoyote isingemsaidia yule mwanamke. Mwaka uliofuata aliiandika kanuni ubaoni kama kawaida, na chini yake akaongeza ya pili: ukiharibu, sema leo.

Lakini kabla ya hapo, siku ya maonyesho, Dada Mkubwa alitundika picha za mashuka ya hospitali yakianikwa, nzuri sana. Kaka yake, mzee wa mvi, alisafiri siku nzima kuja. Alizitazama zote, akauliza mkono wa baba uko wapi, akaambiwa umepotea, akarudi kwao.