Mahindi Niliyoyaosha

Mwanangu, wahenga walisema ukubwa ni jalala, kila taka hutupwa humo. Nimefika umri wa kuwa jalala, basi acha nikutolee taka moja ya ujana wangu. Naona mahindi yameanza kuingia mjini, na naona mnavyoyarundika sakafuni. Nikipita nayanusa, mnacheka. Chekeni tu. Ipo siku moja ya msimu wa mvua, kule mtaani kwetu Panda, ambayo naikumbuka kwa pua zaidi kuliko kwa macho.

Panda ya wakati ule ilikuwa imeanza kunyamaza. Tulikuwa tumezoea king'ora cha kiwanda kituamshe, kituite kula, kitulaze. Hata majogoo walikingoja. Kisha kampuni ya shaba ikaanza kuanguka. King'ora kikawa leo kinalia, kesho hakilii, na mshahara wa baba ukaiga tabia hiyo hiyo. Posho ya unga iliyogawiwa familia za wafanyakazi ikakoma. Na bado, ukiniuliza, nitakuambia nyumba yetu ilikuwa na raha. Sombe, yaani kisamvu, ilitwangwa uani, mchi wa nyumba hii ukiujibu mchi wa nyumba ile. Mvua ikipiga mabati, tulijazana chumba kimoja tukimsikiliza Kambo, bibi yetu mzaa mama, akiwasengenya wafu wa kijiji chake kana kwamba wako mlangoni.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimerudi kutoka chuo kikuu kwa sababu masomo yalikuwa yamesimama kama kila kitu kingine. Nilikuwa nimesoma kemia miaka miwili, kiasi cha kutosha kumchosha kila mtu wakati wa kula. Mtaani waliniita Savant, yaani mjuzi. Nami, maskini, nilidhani wananisifu.

Baba akanituma vijijini, upande wa Buluo, nikatafute mahindi ya kutufikisha mavuno. Nikapata magunia matatu kwa bei rahisi, nikajiona hodari. Mkulima mwenyewe, mtu mkweli, aliniambia, "Petit, kijana wangu, hii mahindi ingali na maji. Ukifika, uianike kwanza." Nikaitikia. Rahisi huvunja upishi, lakini methali hiyo nilikuwa naijua kwa ajili ya mtihani tu. Nilifika nyumbani mvua inanyesha, na wezi walikuwa wengi. Nikayaweka magunia kwenye sakafu ya chumba changu, nikayabana ukutani, nikayafunika turubai yasipate unyevu. Unyevu ulikuwa ndani tayari. Mimi niliufungia mlango tu, nikalala kando yake kama mlinzi.

Baada ya wiki kadhaa gunia la chini lilikuwa na joto kama mgonjwa wa homa. Lilinuka nguo mbichi zilizosahauliwa kwenye beseni, na punje zilikuwa na vumbi la kijani. Kambo akalimwaga uani, akakaa na ungo wake siku mbili, akipeta na kuchagua. Mazuri yakatoka kidogo. Mabaya yakawa rundo la kufika magotini.

"Bwana yangu," akaniambia, kwa kuwa ndivyo bibi anavyomtania mjukuu wake wa kiume kwetu, "ile yote ni ya kuzika. Hata kuku usiipatie."

Kisha akaenda Kakanda kwenye matanga ya ndugu yake, akaniachia rundo.

Njaa iko mjini, halafu unazika chakula? Nilijiambia: kuvu ni kitu chenye uhai, na chenye uhai hufa kwa moto. Nikayaosha mahindi maji matatu, nikayaanika juu ya bati jua lilipochomoza, kijani kikatoka chote. Nikayapeleka mashineni, yakakobolewa, yakasagwa. Ukatoka unga mweupe hata mwenye mashine akauliza nimeyatoa wapi. Apendaye chongo huita kengeza. Pumba nikawamwagia vifaranga wa bata wa Kambo. Unga tukaula nyumbani, kwa uji na kwa bukari, yaani ugali. Na kwa kuwa mjuzi sharti awe mkarimu, nikampelekea bakuli kubwa jirani yetu Mama Kalenga, aliyekuwa na watoto wanne na chungu kilichokuwa kikikaa bila kazi kama mumewe.

Kambo alirudi siku ya nne. Hakuuliza habari za nyumbani. Alisimama uani akiwatazama vifaranga watano waliolala chali.

"Bilikula nini?"

"Pumba tu, Kambo. Labda ni ugonjwa."

"Pumba ya nini?"

Macho yangu yakaenda mahali rundo lilipokuwa, na kwa Kambo hilo lilikuwa jibu. Akaingia jikoni, ambako dada yangu Béatrice alikuwa akikoroga uji wa binti yake Mado. Mado alikuwa ameachishwa ziwa karibuni, na kwa siku mbili alikuwa akitapika. Tulisema ni meno. Kambo akanusa mwiko, akaipua sufuria, akaelekea nayo chooni.

"Kambo!" dada akapiga kelele. "Mutoto atakula nini?"

"Atakula ingine. Hii njo inamukula yeye."

Nikaona heshima ya kemia iko hatarini. "Lakini Kambo, imechemka sana. Moto inaua kila kitu."

Akamimina uji wote shimoni, ndipo akanigeukia. "Ku kijiji yetu, tukiua nyoka tunakata kichwa, tunazika. Juu ya nini?"

"Juu ya sumu."

"Nyoka alikufa, lakini sumu iko. Moto yako iliua nyoka, bwana yangu. Sumu mulikula."

Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma vitabuni kitu kinachoitwa sumukuvu: kuvu huiacha ndani ya punje, yenyewe hufa, sumu hubaki, moto wa jikoni hauitoi, na ini la mtu ndilo hulipa. Kambo alikuwa amekwisha kunifundisha hayo yote, amesimama mlangoni mwa choo na sufuria tupu.

"Unga ingine iko wapi?"

Nikamtaja Mama Kalenga. Kambo akafumba macho kidogo. Kisha akapima bakuli la mahindi mazuri, akanitwika. "Uende. Umupatie hii, urudishe ile. Na useme weye mwenyewe. Mudomo uko nayo, tunaisikia kila siku."

Ni hatua chache tu, mwanangu, lakini sijatembea safari ndefu kuliko ile. Mama Kalenga alikuwa mlangoni akimsuka bintiye.

"Eh, Savant! Leo unakuja na nini? Watoto, muamukie iniversite!"

"Mama, nimekuja kuomba ile bunga nilikupatia."

Akaangua kicheko. "Muone! Iniversite iko na njaa!"

"Haiko njaa, Mama. Mahindi ilikuwa imeoza. Niliiosha."

Kicheko kikakatika. Aliwatazama watoto wake mmoja mmoja, kama mtu anayewahesabu wavuke mto. Nilisubiri matusi. Ningeyashukuru.

"Ilikuwa na uchungu," akasema polepole. "Minye mwenyewe nilisikia ku ulimi, siku ya kwanza. Na huyu mukubwa alisema, Mama, hii bukari ni muchungu. Nikamupiga kofi. Nikamuambia, bunga ya mutu wa iniversite, weye unaijua kumushinda?"

Hata mimi nilikuwa nimeuonja uchungu ule. Nilisema ni moshi.

Tulichimba shimo, unga mweupe ukazikwa, na mvua ya jioni ikaushindilia. Mado akaacha kutapika baada ya siku chache. Watoto wa Mama Kalenga waliendelea kucheza, nami kwa miezi niliwaita kila asubuhi kwa visingizio vya kijinga ili niyaangalie macho yao kama yamekuwa ya manjano. Hayakuwa. Lakini sumu ile hujua kungoja, kwa hiyo kama niliwaachia kitu mwilini sijui, wala sitajua.

Basi sikia. Anika mahindi mpaka punje ilie kati ya meno. Yainue juu ya vigogo, uyaachie nafasi na ukuta, upepo upite. Yaliyoota kuvu usiyaoshe, usiyakoboe, usiwape kuku wala mpika pombe, yazike. Weupe wa unga ni kazi ya mashine tu. Hayo ndiyo mepesi. Lililo gumu ni hili: ukijaliwa kusoma, watu watameza kilicho mkononi mwako hata kikiwa kichungu, na watawapiga kofi watoto wao wanaosema kweli. Kwa hiyo anayekuambia pana uchungu, mwamini kabla hujajiamini. Na ukikosa, usitume mtu. Nenda mwenyewe, ubebe kilicho kizuri, useme. Aibu haijawahi kuozesha ini la mtu.

Mungu akukaushie mavuno kabla ya mawingu, mwanangu. Awape wanao ndimi zisizoogopa, na wewe akupe masikio.